Kisima Nilichoandika Hakina Jina

Nimewaona mkipita na madaftari yenu, mkiwauliza watu majina ya vilima na vijito. Mmoja wenu alinisimamisha pale sokoni akaniuliza kama ni kweli mimi niliwahi kulipwa mshahara kwa kazi kama hiyo. Nikasema ni kweli. Mliangaliana mkacheka, nami nikacheka, maana hata wakati ule mama yangu hakuamini kwamba kuuliza maswali ni kazi. Nilipofika nyumbani kicheko kiliniisha. Kuna jina moja ambalo sikuliandika, na macho yangu sasa hayaoni vizuri, kwa hiyo nawaandikia mapema.

Nilizaliwa Mbooni, kwenye njia za kupanda mpaka goti linagusa kidevu. Shule niliiacha mwaka wa tatu. Mwalimu alituambia kwamba ukivuka milima ile utakuta nyika, na ukivuka nyika utakuta reli. Wenzangu waliandika. Mimi nilienda kutazama. Nilikata kuni za treni, nikakata mkonge, nikachunga mbuzi wa watu nisiowajua, na kila mahali nilikaa mpaka nilipojua kila kitu cha pale, kisha nikahama. Makindu nilikuwa nakula kwa Makalasinga, katika hekalu lao karibu na reli. Ulikuwa unakaa chini, unapewa chapati na dengu, na hakuna aliyekuuliza wewe ni wa dini gani. Niliyekuwa nauliza ni mimi. Mpishi mmoja, mzee mwenye ndevu nyeupe, alichoka na maswali yangu akasema, "Wewe nalipwa kwa kuuliza?"

"Bado," nikamjibu.

Siku chache baadaye nililipwa. Mzungu mmoja wa Serikali tuliyemwita Bwana Mpimaji alipita na punda zake na wapagazi akielekea nchi ya Kitui kutengeneza ramani, akitafuta mtu anayeweza kuandika na anayejua Kikamba. Alinipa penseli akaniambia niandike jina langu. Niliandika la kwangu, la baba yangu, la kilima chetu na la kijito kilicho chini yake. Akasema inatosha.

Kazi yenyewe sikufundishwa na yeye. Nilifundishwa na Kilonzo, mshika mnyororo, yaani yule anayeshika ncha ya mbele ya mnyororo wa kupimia na kutembea nao mpaka unyooke. Alikuwa amebeba mizigo katika vita vya Wazungu akarudi na mguu mmoja usiopinda. Hakujua kusoma hata herufi moja. Alivuta ugoro tangu asubuhi, na alinisema tangu asubuhi.

"Karani," aliniambia siku ya kwanza, baada ya kunisikia nikimwuliza mama mmoja hapa panaitwaje, "ukiuliza hivyo, mtu anaona karatasi yako, anafikiria kodi, anakupa jina la mahali pa jirani."

"Niulizeje sasa?"

"Mwambie hivi: ukimtuma mtu aje hapa, utamwambia aende wapi? Kila mtu amewahi kumtuma mtu."

Shikeni hilo, maana bado linafaa. Shikeni na haya: uliza ukienda, uliza tena ukirudi. Andika kwa penseli, wino hukimbia ukipata jasho. Andika pale pale umesimama, usiseme utakumbuka jioni. Na jina lisiingie daftarini mpaka watu wawili waliseme.

Hatua nazo zilihesabiwa. Kila hatua mia moja nilihamisha jiwe dogo kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Siku moja mfuko wa kushoto ukatoboka bila mimi kujua, na kwa sababu ya tundu hilo kilima kizima kikasogea karibu na njia kuliko Mungu alivyokiweka. Bwana Mpimaji alipogundua tulirudia safari ile yote juani. Kilonzo alitembea nyuma yangu kimya mpaka tulipofika, ndipo akasema, "Mama yako hakukufundisha kushona?"

Lakini kosa lililonifundisha zaidi, au lililopaswa kunifundisha, lilitokea Ikutha. Kulikuwa na kilima kidogo kipara upande wa magharibi. Nilimwuliza mtu mmoja, akafikiri sana, uso umetulia, akasema panaitwa Kwa Mutisya. Nikamwuliza mwingine aliyekuwa amesimama karibu naye. Kwa Mutisya. Wawili wamesema, nikaandika, nikafurahi. Kesho yake asubuhi akaja mtu kambini, mfupi, amekasirika, akitaka kujua ni nani amemwandika kilimani. Alikuwa Mutisya. Wale wawili walikuwa ndugu, majirani zake, na walikuwa wakimcheka tangu punda wake alipogoma kupanda kilima kile mbele ya watu, akalala na mzigo.

"Futa," Mutisya aliniambia.

"Nitafuta."

Akatazama daftari kwa muda. "Limeandikwa kubwa?"

"Kama mengine."

"Basi liache kwanza," akasema, akaondoka.

Kilonzo alicheka mpaka ugoro ukamtoka puani. Kisha akanigeukia, naye hakuwa anacheka tena. "Mashahidi wawili wa mlango mmoja ni shahidi mmoja, karani. Tafuta wa mlango mwingine. Hata ikiwa mbali."

Nilimwambia nimesikia.

Kusini ya Ikutha nchi inashuka na kukauka. Mito iko, lakini maji yake yamo chini ya mchanga, na watu huchimba visima humo mtoni wakavizungushia miiba. Kiangazi kikizidi kisima kinashuka mpaka anayechota haonekani. Anakaa mmoja chini kabisa, mwingine anasimama katikati kwenye ngazi iliyokatwa mchangani, wa tatu juu, na kibuyu kinapanda mkono kwa mkono.

Nilifika kwenye kisima cha namna hiyo peke yangu. Kilonzo alikuwa na homa, amebaki kambini. Wanaume wa pale walikuwa wameenda na ng'ombe malisho ya mbali. Kulikuwa na wanawake watatu tu. Aliyekuwa juu aliitwa Ndunge. Jina lake nililijua baadaye, kwa namna ambayo singependa kulijua.

"Maji yapo, mama?" niliuliza.

"Yapo, ni kuyavuta. Wewe ni wa Serikali?"

"Mimi ni wa kuandika tu."

"Wa kuandika ndio Serikali."

Sauti ikatoka chini ya ardhi: "Muulize kama wa kuandika anajua kuchota."

Niliingia katikati nikapokea vibuyu kwa muda. Nilimwaga viwili. Walinicheka mikono yangu, nami nilifurahi, kwa sababu watu wakishakucheka wanakujibu. Nikatoka, nikatoa daftari, nikauliza kama nilivyofundishwa. Ukimtuma mtu aje hapa, utamwambia aende wapi?

Kibuyu kilichokuwa kinapanda kikasimama. Ndunge aliangalia chini, akaanza kuchora mchangani kwa kidole cha mguu.

"Jina lipo," akasema. "Mimi siwezi kulitaja."

"Kwa nini?"

Yule wa chini akacheka. "Huyu hajaoa."

Ninyi wa siku hizi huenda hamjui, kwa hiyo nieleze. Kwetu mke hataji jina la baba mkwe wake. Tunaita nthoni, aibu ya heshima. Akimwona njiani anapisha, na jina lake halimpiti midomoni, hata kama jina hilo ni la mahali. Kisima huitwa kwa jina la aliyekichimba. Na wote watatu walikuwa wake wa ndugu, walioolewa katika boma moja, boma la mzee aliyekichimba.

Mimi ni Mkamba. Sikuhitaji kuelezwa. Nilielewa kabla kidole chake cha mguu hakijamaliza kuchora.

"Ngoja," Ndunge akasema. "Ng'ombe watakuja kunywa kesho kutwa. Wenyewe watakuwepo. Watakuambia."

Boma jingine lilikuwa mwendo wa nusu siku. Kambi ilikuwa inahama kesho asubuhi. Na nilikuwa nimesikia kwamba nyuma ya mgongo wa vilima vya mbele kuna miamba yenye mashimo ya maji ambamo tembo huoga, na nilitaka kuiona. Huo ndio ukweli wote. Watu wamenisifu maisha yangu yote kwa udadisi. Udadisi wangu ulikuwa wa miguu. Wa kukaa siku mbili mchangani kungoja neno moja, huo sikuwa nao.

Niliandika: Kisima. Hakuna jina.

Jioni Kilonzo, amejifunika blanketi, aliniuliza kama ilivyokuwa kawaida yake. "Pale mtoni umeuliza wangapi?"

"Watatu."

"Wa milango mitatu?"

"Ndiyo," nikasema.

Miamba ile niliiona. Tembo hawakuwepo.

Mvua za mwaka uliofuata hazikufika. Ramani ilikuwa imekwisha chorwa, na ofisa mwingine, si Bwana Mpimaji, aliitisha baraza uwanjani Ikutha. Niliitwa kushika ramani isipeperuke na kutafsiri. Iliwekwa mezani, mawe kwenye pembe zake. Wazee walikaa mbele, wanawake nyuma kabisa. Ofisa alisema ng'ombe ni wengi, ardhi imechoka na lazima ipumzishwe. Kisha akapitisha kidole juu ya karatasi.

"Hapa iko majina. Watu nakaa hapa, wao nabaki. Hapa hakuna jina. Hii ni pori tu. Hapa nafungwa."

Akainuka mzee mrefu, mwembamba, blanketi begani. Ndiye Muli. Sikuwa nimewahi kumwona.

"Hapo unaposema ni pori ndipo kilipo kisima changu," akasema. "Nilikichimba nikiwa na meno yote. Pale ni Kwa Muli. Kila mtu anajua."

Nilitafsiri. Ofisa akainama kwenye karatasi. Kisima kilikuwepo, kiduara kidogo, na jina halikuwepo. Akasema kila mwenye ng'ombe leo atakuwa na kisima chenye jina lake. Akanigeukia.

"Wewe naandika hii?"

"Ndiyo, Bwana."

"Nauliza watu?"

"Niliuliza, Bwana. Wanawake watatu waliokuwa wakichota."

"Wao nasema nini?"

Vijana, katika kazi yoyote mtakayofanya kutakuja wakati kama huo. Hautakuja na kelele. Utakuwa umesimama tu umeshika karatasi, watu wanangoja, na mbele yako pana majibu mawili, moja la kweli ambalo litakuaibisha, na moja fupi.

"Walisema hakina jina," nikajibu. Nilijibu kwa Kiswahili, na wazee wengi walijua Kiswahili cha kutosha.

Mzee Muli hakunitazama mimi. Aligeuka polepole akatazama nyuma, walikokaa wanawake, akawatafuta wake za wanawe kwa macho. Mbele ya nchi yote nilikuwa nimesema kwamba watu wa boma lake mwenyewe wamemkana.

Ndunge akasimama. Alimpa baba mkwe wake mgongo, akavuta shuka mpaka ikafunika uso, akasema kwa sauti iliyofika mezani: "Huyu mtu anadanganya. Nilimwambia jina lipo. Nilimwambia angoje. Jina ni Kwa Muli."

Mzee alishusha blanketi juu ya kichwa chake, akatoka katikati ya watu bila kuangalia mtu. Wakampisha.

"Huyu mama nasema nini?" ofisa akauliza.

"Anasema panaitwa Kwa Muli."

"Kwa nini yeye hapana sema siku ile?"

Hapo nilikuwa na nafasi. Maneno machache tu: kwetu mke hawezi kutaja jina hilo, nami nilijua. Ofisa yule hakuwa mtu mkali. Huenda angeshika penseli, huenda asingeshika, sitajua kamwe. Lakini kusema kwamba nilijua ni kusema kwamba niliandika uongo, na kazi ile niliipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kukipata. Mimi, niliyeuliza kila kitu maishani, niliulizwa kitu nilichokijua.

"Sijui, Bwana," nikasema.

Akaondoa mawe pembeni mwa ramani, akaikunja.

Mpaka uliwekwa mwezi huohuo, mawe yaliyopakwa chokaa, moja baada ya jingine. Debe la chokaa nililibeba mimi. Kilonzo alinyoosha mnyororo wake kama siku zote, mguu wake ukivuta mchanga, na tulipofika mahali ambapo ng'ambo yake unaona miiba ya kisima, akasimama.

"Milango mitatu," akasema.

Tangu siku hiyo hakunitukana tena. Alihamisha sahani yake akala na wapagazi. Nilikuwa nimezoea kuamshwa na matusi yake, na asubuhi za kimya chake zilikuwa ndefu.

Boma la Muli lilinyweshea ng'ombe wake mwendo wa siku nzima, maji ya chumvi. Ng'ombe waliopita mpaka walikamatwa. Wengine walianguka njiani, nao walichunwa palepale wasipotee bure. Ndunge alitoa mbuzi wa kusafisha lile neno alilotamka, na watu waliniambia kwamba mzee alimkubali mbuzi, akamwambia Ndunge hana kosa, lakini mzee hakuweza tena kupita alipo Ndunge, wala Ndunge hakuweza kupita alipo mzee, kwa hiyo waliishi katika boma moja wakizungukana. Mzee Muli hakuiona mvua iliyofuata.

Haya yote niliambiwa. Sikwenda. Nilirudisha penseli na daftari, nikashuka Makindu, nikapanda treni bila kuuliza inaenda upande gani. Nikafanya kazi Voi, nikafanya kazi bandarini, nikafanya Nairobi, nikaoa, nikapata baba mkwe na mama mkwe wa kuwakwepa njiani. Kila mara nilipokwepa nilijua ninachokikwepa.

Nilirudi nikiwa na mvi. Serikali ilikuwa nyingine, mpaka umefutwa, watu wamejenga pande zote. Nilitembea kutoka Ikutha kwa miguu. Mto ulikuwa palepale, mkavu, mpana. Mafuriko ya miaka mingi yalikuwa yamejaza mchanga na sikuona hata alama ya mwiba. Palikuwa na jiwe moja tu la mpaka, limelala ubavu, chokaa imekwisha.

Mama mmoja alikuwa anavuka na punda wawili na madebe matupu. Nilimwuliza maji yako wapi, akanionyesha mbali, ng'ambo ya vilima. Nikamwuliza tena, na sijui kwa nini nilitumia maneno yaleyale ya Kilonzo.

"Mama, ukimtuma mtu aje hapa tulipo, utamwambia aende wapi?"

"Hapa? Kwa Karani."

"Karani gani?"

"Mimi nimekuta pakiitwa hivyo. Alikuwa mtu wa kuandika. Wanasema ndiye alimaliza maji." Akanitazama viatu. "Wewe si wa hapa?"

"Hapana," nikasema.

Alinipa maji kidogo yaliyobaki kwenye kibuyu chake. Yalikuwa ya chumvi. Nikamshukuru, akaendelea na punda zake.

Nilikuwa na kipande cha penseli mfukoni, sijawahi kuacha kubeba. Nikakitoa. Kisha nikakumbuka kanuni, nikakirudisha, nikatembea jua lote mpaka boma jingine, la ukoo mwingine, ambako mtu mmoja wa rika langu alikuwa anaziba ua kwa miiba. Nilimwonyesha kwa kidole upande wa ile kona ya mto, niliyoiacha mbali nyuma, nikamwuliza vilevile.

Akatazama upande ule, mwiba mkononi.

"Kwa Karani," akasema.

Walikuwa wawili, wa milango miwili. Nikaandika.